Sukari ya usiku na vihisi vitatu: uchambuzi wa kisa kutoka Lubumbashi

Kisa hiki kinahusu familia iliyopata vihisi vitatu tu vya sukari (vifaa vidogo vya kubandika mkononi vinavyosoma sukari usiku na mchana), bila matumaini ya kupata vingine karibuni. Tumekiandika kwa ajili ya wauguzi, madaktari na wazazi wanaojikuta katika hali hiyo hiyo. Umri na baadhi ya mambo ya nyumbani yamebadilishwa ili kijana asitambulike. Saa zimeandikwa kama mashine inavyozionyesha: 06:00 ni alfajiri, 18:00 ni jioni. Dozi zilizotajwa ni za kijana huyu peke yake, na kila badiliko lilipitia kwa daktari wake.

Hali ilivyokuwa

Kijana wa kiume wa miaka 15, kilo 44, mwanafunzi, ana kisukari cha aina ya 1 tangu miaka 3 iliyopita. Anaishi na mama yake anayeuza sokoni, dada mkubwa anayesoma chuo kikuu, na mdogo wake wa kiume ambaye hulala naye kitanda kimoja.

Alikuwa anatumia insulini ya mchanganyiko ya 30/70, ambayo ndiyo familia ilikuwa na hakika ya kuipata kila mwezi. Katika kila yuniti 100, 30 ni insulini inayoanza kazi ndani ya nusu saa hivi, na 70 ni NPH, ile nyeupe kama maziwa, ambayo nguvu yake hupanda taratibu na kufika kileleni saa kadhaa baadaye. Asubuhi alidungwa yuniti 22, jioni 12.

Bandeleti, vile vipande vya kupimia sukari kwa tone la damu ya kidole, zilitosha kupima mara moja kwa siku. Mama alichagua asubuhi kabla ya kula, kwa sababu ndiyo namba daktari aliyoiuliza kwanza kila mara. Daftari la Machi na Aprili lilijaa namba kati ya 240 na 290 mg/dl. HbA1c, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, ilikuwa asilimia 9.8 mwezi Aprili. Kwa kuzitazama asubuhi hizo, dozi ya jioni ilipandishwa kutoka 12 hadi 14, kisha 16. Asubuhi hazikushuka.

Mama alitaja mambo mengine matatu, lakini hayakuandikwa popote kwenye faili: kijana aliamka na kichwa kinachouma, shuka zilikuwa zimelowa jasho hata usiku wa baridi, na mara mbili alipiga kelele usingizini. Kwa mtu anayetumia insulini, dalili hizi tatu zikikaa pamoja zinatosha kumfanya muuguzi aombe kipimo cha kidole usiku wa manane kabla yuniti hata moja haijaongezwa. Hapa hazikupata nafasi kwa sababu daftari lilikuwa na safu moja tu, ya asubuhi.

Vifaa vilivyofika

Mjomba aliye Ubelgiji alituma vihisi vitatu vya kuskani, kila kimoja cha siku 14, pamoja na simu iliyotumika yenye NFC (uwezo wa kusoma kifaa kilicho karibu bila waya) na programu ya kusomea ikiwa imeshawekwa. Bahati nzuri programu ilikuwa kwenye mg/dl, kipimo kile kile kinachotumika hospitalini hapa. Ingekuwa kwenye mmol/l, 5.5 ingeonekana nyumbani kama kifo, kumbe ni 99, yaani sukari nzuri kabisa.

Kihisi cha aina hii hubandikwa nyuma ya mkono, juu ya kiwiko. Uzi mwembamba wa milimita 5 hivi huingia chini ya ngozi na kupima sukari iliyo kwenye majimaji yanayozunguka seli, si iliyo ndani ya damu. Kwa hiyo namba yake hufuata ya damu kwa kuchelewa dakika 5 hadi 10, na tofauti hukua sukari inapopanda au kushuka kwa kasi. Baada ya kukibandika unasubiri dakika 60 ndipo kianze kusoma, na saa 24 za kwanza namba zake ni za kutiliwa shaka zaidi kuliko siku zinazofuata. Chini ya 40 hakitoi namba, kinaandika LO.

Cha kwao kilikuwa cha kizazi kisicho na kengele. Hakimwamshi mtu, lazima umpitishie simu mkononi. Kumbukumbu yake ni ya saa 8 tu. Ukikaa saa 10 bila kuskani, saa 2 za mwanzo zimefutika na hazirudi. Intaneti haihitajiki kwa kuskani, ni kwa kutuma ripoti tu, na katika mtaa ambao umeme hukatika jioni hilo lilikuwa nafuu kubwa.

Siku 9 za kihisi cha kwanza

Kilivaliwa siku kilipofika, mwanzoni mwa Mei, bila kumwambia mtu wa hospitali. Kiliwekwa mkono wa kushoto kwa sababu kijana anatumia wa kulia kuandika.

Usiku wa kwanza, saa 01:20, mama aliskani akaona LO. Alimpa mtoto maji ya sukari, akaskani tena baada ya dakika 10, akaona 48. Akampa glasi ya pili. Dakika 10 nyingine, 61 na mshale umelala, yaani sukari haibadiliki kwa kasi. Akampa ya tatu. Saa 06:00 kidole kilisoma 312.

Hali hiyo ilijirudia usiku wa pili na wa tatu. Siku ya nne mama alikwenda kituo cha afya na simu mkononi, hajalala vizuri tangu kihisi kibandikwe. Ripoti ilionyesha asilimia 11 ya muda wote iko chini ya 70, yaani sukari iliyoshuka mno. Lengo linalokubalika kwa wagonjwa wengi ni chini ya asilimia 4.

Muuguzi wa zamu alifanya jambo ambalo kwetu ndilo kiini cha kisa hiki: hakuisoma asilimia hiyo kwanza, alifungua mstari wa kila usiku mmoja mmoja. Mistari haikufanana. Usiku mmoja sukari ilikuwa 150 imetulia, ikadondoka chini ya 40 ndani ya dakika 15, ikakaa huko nusu saa, ikaruka juu ghafla. Usiku mwingine ilianza kuteremka 23:00, polepole, 140, 118, 96, 77, ikafika 57 saa 02:15.

Akamwuliza mama: «Mtoto analalia upande gani?» Wa kushoto, uso ukutani, mdogo wake amemwegemea mgongoni.

Mkono ukikandamizwa kati ya mwili na godoro, majimaji na damu hupungua mahali uzi ulipo, na kihisi kinasoma upungufu huo kama sukari iliyoshuka. Mtoto akigeuka, namba inarudi yenyewe. Ni kosa linalojulikana la vihisi vyote vya aina hii, na halina uhusiano na insulini.

Usiku wa vidole

Haikutosha kudhani. Muuguzi alitoa bandeleti za ziada na maagizo haya kwa usiku minne iliyofuata:

Mama aamke 02:30 na aandike kwanza jinsi mtoto alivyolala. Askani. Kisha, namba iwe yoyote, apime kidole: anawe mkono wa mtoto kwa maji ya uvuguvugu, aufute ukauke kabisa, atoboe ubavuni mwa ncha ya kidole. Maji ya uvuguvugu yana sababu mbili. Kwenye baridi ya Lubumbashi ya Mei hadi Julai vidole havitoi damu kirahisi, na ukikamua sana unapata majimaji badala ya damu. Pia mkono ulioshika sukari au ndizi hupandisha namba ya kidole kwa uongo. Glukometa yenyewe, mashine inayosoma bandeleti, ilale ndani ya blanketi, maana nyingi hutoa kosa badala ya namba baridi ikizidi.

Kidole kikiwa chini ya 70: vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, mara moja. Asubiri dakika 15. Halafu apime kidole tena, si kihisi. Sukari ya damu ikishapanda, kihisi bado kinaonyesha ya nyuma. Ndiyo maana mama alikuwa akiongeza glasi ya pili na ya tatu juu ya mtoto ambaye tayari amepona. Kijana asipoweza kumeza au asipoitika, asimwekee chochote mdomoni. Amlaze ubavu na ampeleke hospitali papo hapo.

Yaliyopatikana:

Usiku wa 4: amelalia kushoto. Kihisi LO, kidole 118. Mama alimgeuza bila kumpa kitu. Dakika 20 baadaye kihisi kikasoma 109.
Usiku wa 5: amelala chali. Kihisi 58, kidole 52, mwili umelowa jasho. Kweli imeshuka.
Usiku wa 6: amelalia kushoto. Kihisi 44, kidole 101.
Usiku wa 7: amelalia kulia. Kihisi 66, kidole 61. Kweli.

Kwa hiyo vyote viwili vilikuwapo, na hapo ndipo ugumu ulipo. Ukisema «kihisi ni kibovu» unamwacha mtoto na sukari ya 52 saa nane usiku. Ukikiamini chote unampa sukari asiyoihitaji kila anapogeuka kitandani. Namba za chini za usiku mitatu ya kwanza hazikuwa na kidole cha kuzithibitisha. Kwa umbo la mstari, moja ilifanana na mkandamizo na moja na kushuka kwa kweli. Ya usiku wa kwanza iliachwa bila jibu, kwa sababu iliangukia ndani ya zile saa 24 za mwanzo.

Siku ya 9 mkanda wa mfuko wa shule ulikinasa kihisi kikang'oka. Kihisi kilichong'oka hakirudishwi. Siku 5 zikapotea.

Uamuzi wa dozi

Daktari alikuwa na njia tatu. Ya kwanza ni kutenganisha dozi ya jioni: insulini ya haraka wakati wa chakula, NPH peke yake saa 22:00, ili kilele chake kisogee karibu na asubuhi. Kitabibu ndiyo ingefaa zaidi. Ilikataliwa kwa sababu NPH ya peke yake haikuwa na uhakika wa kupatikana, na kumbadilishia mtoto utaratibu ambao mwezi ujao utakatika ni hatari kuliko kuuacha. Ya pili ni kubaki na 16 na kuongeza chakula cha usiku. Ilikataliwa: ni kulisha insulini iliyozidi.

Ya tatu ndiyo iliyochukuliwa mwanzoni mwa Juni: jioni kushuka kutoka 16 hadi 13, karibu asilimia 20. Sindano 18:30, bukari (ugali) na mboga 19:00 kila siku, na kidole cha 21:30 kikiwa chini ya 120 apate kitafunio kabla ya kulala.

Mama alishtuka, na haki yake. Asubuhi iko 280, unampunguzia insulini? Alielezwa kwa kutumia mstari wa usiku wa 5: dozi ya 18:30 ina kilele cha NPH kuelekea usiku wa manane, mtoto anashuka, kunapokucha nguvu yake imepungua, ini linaendelea kutoa sukari, namba inapanda. Kuna maelezo ya zamani kwamba mwili wenyewe hujirudisha juu baada ya kushuka, na wataalamu wanabishana kuhusu uzito wake. Hapa hayakuhitajika. Insulini inayoisha mapema na, kwa wiki ile ya Mei, zile glasi tatu za sukari, zilitosha kueleza asubuhi zote.

Kihisi cha pili

Hakikubandikwa siku ya kubadili dozi. Kilisubiri siku 7, ili kisome dozi mpya ikiwa imetulia.

Safari hii kiliwekwa mkono wa kulia. Ngozi ilioshwa kwa sabuni isiyo na mafuta, ikafutwa kwa spiriti, ikaachwa ikauke yenyewe. Mafuta ya kujipaka hayakugusa mkono huo tangu asubuhi. Katika kiangazi chetu ngozi hukauka na kila mtu anajipaka, na mafuta ndiyo adui wa kwanza wa gundi. Juu yake ulizungushwa utepe wa hospitali bila kuziba tundu dogo la katikati. Mdogo wake alihamishiwa upande wa ukuta. Kilikaa siku zote 14.

Muda wa chini ya 70 ulikuwa asilimia 3. Kati ya usiku 14, mitatu ilishuka chini ya 70, yote baada ya mpira wa jioni, ukiwamo mmoja uliothibitishwa kwa kidole cha 64. Siku za mpira zikapewa kitafunio hata kidole cha 21:30 kikiwa 140. Asubuhi zilikuwa kati ya 170 na 215. Si lengo, lakini zilishuka wakati dozi imepunguzwa, na hilo lilimtuliza mama kuliko maelezo yoyote.

Kikaibua jingine. Kila siku ya shule, kati ya 16:00 na 18:00, mstari ulipanda hadi 280 au 310. Kijana alisema hali kitu. Alikuwa anakunywa munkoyo, kinywaji cha mahindi, kikombe kikubwa, akitoka shule. Mama alijitetea kwamba hauwekewi sukari. Ni kweli, lakini mizizi ya munkoyo ndiyo inayovunja wanga wa mahindi na kuugeuza sukari. Utamu ule hautoki hewani, na kinywaji hupita tumboni haraka kuliko bukari. Haukukatazwa. Ulihamishiwa kwenye mlo, nusu kikombe, badala ya kunywewa peke yake alasiri.

Tatizo moja halikutatuliwa. Simu ilikuwa ndiyo hiyo hiyo ambayo dada alikwenda nayo chuoni. Skani ya mwisho 06:30, inayofuata 17:00: saa 10 na nusu. Kumbukumbu ya saa 8 ilirudi hadi 09:00 tu. Kila siku ya shule, kipande cha 06:30 hadi 09:00 kilikuwa kitupu, na ndicho kipande cha chai ya asubuhi. Ripoti ilisema kihisi kimefanya kazi asilimia 86 ya muda, juu ya 70 inayotakiwa ili ripoti iaminike, na kwa hiyo ilionekana nzuri. Asilimia haisemi ni saa zipi zilizokosekana.

Kihisi cha tatu

Kiliwekwa akiba hadi likizo ya Julai, simu ikishinda nyumbani. Siku ya tatu tu jibu lilikuwa wazi: 06:45 sukari 185, 08:45 sukari 345, 11:30 imeshuka hadi 95. Sindano ya asubuhi ilidungwa mtoto akiwa ameshika mkate, na chai ilikuwa na vijiko 3 vya sukari. Insulini ilikuwa inaanza kazi chai ikiwa imeshaingia kwenye damu.

Sindano ilirudishwa nyuma nusu saa, na chai ikabaki bila sukari. Muuguzi aliongeza sharti linalotokana na jiko la nyumba hiyo: asidungwe mpaka mbabula (jiko la makaa) imewaka na maji yameanza kuchemka. Kudungwa 06:15 halafu makaa yakagoma hadi 07:30 ni kushuka kwa sukari kunakotengenezwa na ratiba. Kwa siku zilizobaki kilele cha asubuhi kilikuwa kati ya 220 na 250.

Katikati, siku mbili kihisi kilisoma juu ya kidole kwa 50 na zaidi. Shangazi alikuwa amempa vitamini C ya kuyeyusha majini kwa ajili ya mafua. Vitamini C kwa wingi hupandisha namba za kihisi cha aina hii kwa uongo. Iliachwa, namba zikakaribiana tena.

Matokeo

HbA1c ya Septemba: asilimia 8.7. Jasho la usiku na kichwa cha asubuhi viliisha tangu Juni. Dozi ya jioni bado 13, ya asubuhi 22.

Kilichofaa na kilichoshindikana

Kilichobadilisha matibabu si idadi ya vihisi. Cha kwanza, kilichovaliwa bila mpango, kwa siku tatu kilizidisha ugonjwa: mtoto alipata sukari nyingi kwa kosa la godoro na kwa kuchelewa kwa majimaji. Kilianza kufaa pale kilipopewa swali moja na bandeleti za kulijibu. Cha pili kilikuwa na swali: je, 13 inatosha usiku? Cha tatu: nini kinatokea kati ya chai na saa 09:00? Mwenye vihisi vichache asivivae mfululizo. Akivae kimoja, abadilishe jambo moja, asubiri, ndipo avae kinachofuata.

Mpangilio wa saa za simu ulipaswa kuulizwa siku ya kwanza. Swali ni fupi: nani anashika simu, na saa ngapi haipo nyumbani? Lingeulizwa, skani ya dada ingepangwa tofauti au kihisi cha pili kingesubiri likizo, na chai ingeonekana mapema.

Dozi ya jioni ilipandishwa mara mbili kwa safu moja ya daftari. Bandeleti mbili za saa nane usiku mwezi Machi zingeonyesha hicho hicho, bila kihisi chochote. Hili linauma zaidi, kwa sababu bandeleti zilikuwapo.

Mzigo wa mama haukupimwa na mtu. Wiki ya kwanza aliskani zaidi ya mara 30 kwa siku, na kijana akaanza kuvaa mikono mirefu shuleni ili asiulizwe. Alipopewa saa maalumu za kuskani (kuamka, kabla ya kila mlo, kabla ya kulala, na 02:30 usiku uliopangwa) ugomvi wa nyumbani ulipungua.

Sasa hakuna kihisi. Daftari lina safu nne, na bandeleti zile zile saba za wiki zimegawanywa upya: tatu asubuhi, mbili kabla ya kulala, moja saa 16:30, moja 02:30 usiku wa mpira. Mjomba ameahidi vihisi viwili kwa Oktoba, mwezi ambao ndani ya nyumba ya mabati joto hupita kiwango kilichoandikwa kwenye boksi. Mama ameshaambiwa avihifadhi kwenye chungu cha udongo chenye mchanga wenye maji, pale pale insulini inapokaa, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri ili unyevu usiingie.